Kutuliza

Mtoto anayelia hutulizwa, na mpira unaokuja kwa kasi nao hutulizwa. Neno ni lile lile. Nimelitumia tangu utotoni bila kulisikiliza vizuri, hadi msimu mmoja nilipojikuta nakaa kando ya uwanja wa mazoezi hapa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, jioni baada ya jioni, tangu masika hadi mawingu ya vuli yalipoanza kujikusanya tena juu ya kilele cha Lupanga. Nilikuwa nawatazama wasichana wa chuo wakijifunza kazi hiyo moja: mpira uje, mguu uupokee, mpira ukae.

Watu wakitaja ufundi wa soka hutaja chenga, kanzu, tobo, shuti la mbali. Ni vitu vinavyoonekana vizuri ukiwa jukwaani, na makofi yake ni halali. Mimi nimeishia kuamini kwamba ufundi wenyewe umejificha kabla ya hayo, katika lile tukio fupi ambalo macho ya mtazamaji hulipita yakikimbilia linalofuata. Aliyeutuliza mpira vizuri ana muda wa kuinua kichwa. Aliyeutuliza vibaya anacheza dakika 90 akitazama chini, akikimbiza mpira aliokwishapewa.

Bigwa ni mahali pa kupita. Hapa ndipo barabara ya Kisaki inapoiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na kuuzunguka mlima kwenda Kiroka na Matombo, na ndiyo njia ya ndizi na mananasi yanayoshuka kutoka Uluguru kwenda sokoni mjini. Mlima uko juu ya kichwa chako muda wote. Lupanga, wenye zaidi ya mita 2,100, hujifunika ukungu asubuhi na kujifunua mchana, na jioni kivuli chake hufika uwanjani kabla ya jua kuzama. Wachezaji wa huku hupumzishwa na jua mapema kuliko wa Dar es Salaam. Nadhani hiyo ni sehemu ya utulivu ninaotaka kuusimulia.

Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Bigwa ni kimojawapo cha vyuo 54 vya aina hiyo nchini. Vilianzishwa mwaka 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden na kwa msaada wa nchi hiyo, ili mtu mzima aliyekosa shule apate mahali pa kujifunza kazi ya mikono bila kwanza kuulizwa cheti. Miaka ya karibuni shirika la Karibu Tanzania Organization, KTO, limeingiza katika vyuo hivi mpango wa soka la wasichana uitwao Mpira Fursa, sambamba na ule wa Elimu Haina Mwisho unaowarudisha darasani wasichana waliokatishwa masomo, wengi wao kwa ujauzito. Kwa hiyo timu ya chuo cha namna hii haifanani na timu ya akademi. Anayevaa jezi namba sita huenda ni mwanafunzi wa ushonaji mwenye mtoto wa miaka miwili. Beki wa kulia anasomea umeme, mlinda mlango anasomea kilimo na mifugo. Wana miaka 19, wana 20, na mpira wa miguu wameanza kuugusa juzi.

Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha pale. Mvulana wa Kitanzania huanza na chandimu, gozi la matambara na nailoni lililofungwa kamba, kwenye kichochoro ambako ukikosea kulituliza linaingia mtaroni. Akifika miaka 18 mguu wake umeshapokea mipira isiyohesabika. Msichana wa rika lake naye alikuwa na mpira, tusisahau, ila alikuwa anacheza rede. Wawili wanarusha, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, na mpira ukimgusa ametoka. Miaka kumi ya rede ni miaka kumi ya kuufundisha mwili kwamba mpira ni kitu cha kukwepwa. Niliwaona jioni za kwanza. Mpira unakuja kifuani, mabega yanageuka yenyewe, kiuno kinapinda, mpira unapita. Walikwepa kwa ustadi wa kupendeza mno. Mwalimu wao hakugombeza. Alitingisha kichwa akitabasamu, akaurudisha mpira, akasema, “Tena, mwanangu. Usiukimbie, mkaribishe.”

Angalia alivyosema: mkaribishe, si uzuie. Nilimsikia akilitumia neno hilo msimu mzima, na kila mara aliupa mpira heshima ya mtu anayebisha hodi.

Wapo waliotoka kwenye netiboli, na hao walikuja na mali nyingine. Katika netiboli ukishaudaka mpira huruhusiwi kutembea nao. Unasimama, unageuka juu ya mguu mmoja, unatazama, unautoa. Mchezaji aliyekulia humo anajua kutafuta nafasi na kufungua mwili kabla mpira haujafika, kuliko vijana wengi wa ndondo niliowahi kuwaona. Mikono yake ilibidi isahau ilichokijua. Macho yake hayakuhitaji kusahau chochote.

Mazoezi yalianza bila goli. Wawili wawili, hatua tano kati yao, mpira mmoja. Huyu anausukuma, yule anaupokea kwa ndani ya mguu. Kosa la anayeanza ni kuukaza mguu. Anauweka kama ubao, na mpira hugonga ubao na kumrudia aliyeupiga. Siri yenyewe, kama kinachorudiwa mara mia mbili kwa jioni kinaweza kuitwa siri, ni kurudi nyuma pamoja na mpira. Mguu hutoka kwenda kuulaki, na pale unapokaribia kuguswa huanza kurudi, kifundo kimelegea, kwa mwendo unaokaribiana na wa mpira wenyewe, ili kasi yote iishie njiani. Ndivyo unavyodaka yai ulilorushiwa. Ndivyo mama anavyompokea mtoto anayejirusha kutoka kitandani: mikono haimsubiri chini, inashuka naye. Wenye watoto walilishika hili wiki kadhaa kabla ya wenzao, na sikuwa peke yangu niliyeliona.

Kuna jambo la wakati ndani yake ambalo maneno hayalifikii. Ukirudisha mguu mapema, mpira unakukuta hupo na unapita chini yako. Ukichelewa, unagonga. Kati ya mapema na kuchelewa pana upenyo mwembamba sana, na hakuna anayeweza kukuonyesha ulipo. Unaugundua kwa kuukosa pande zote mbili mpaka ubaki pale katikati. Nilimtazama binti mmoja mrefu, kiungo, akiukosa kwa wiki sita. Alikuwa hasemi, halalamiki. Akikosa, aliufuata mpira, akaurudisha kwa mkono hadi kwa mwenzake, akarudi mahali pake na kusimama tena. Wiki ya saba mpira ulikaa. Akautazama pale chini kana kwamba umefika kwa bahati mbaya. Ukakaa tena, na mara ya tatu. Hakushangilia. Alivuta soksi juu na kuendelea.

Kuuzima mpira, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi. Mpira uliolala chini ya mguu wako ni chakula kilichowekwa mezani kwa mpinzani. Mguso wa kwanza lazima uwe na mwelekeo: uutulize na papo hapo uupeleke kule ambako adui hayupo. Na huwezi kujua hayupo wapi kama hukuangalia kabla. Kwa hiyo likaja zoezi nililolipenda kuliko yote. Mpokeaji anasimama, mwalimu yuko nyuma yake, ameinua vidole. Mpira ukiwa njiani, mpokeaji anageuza shingo, anaviona vidole, anataja idadi kwa sauti, kisha ndipo anapokea. “Vitatu!” na mguu unagusa. “Kimoja!” na mguu unagusa. Mwanzoni waliotaja idadi sahihi waliupoteza mpira, na walioupata mpira walitaja idadi ya uongo. Kufikia Agosti uwanja mzima ulikuwa unaita hesabu na mipira inakaa, na aliyekuwa anapita barabarani angedhani ni darasa la hisabati la watu wazima.

Uwanja nao ulikuwa mwalimu, tena mkali. Wakati wa masika mpira husimama ghafla kwenye dimbwi hatua mbili kabla ya kukufikia, au huteleza juu ya tope na kupita kwa kasi usiyoitegemea. Mpira namba tano mkavu una uzito wa gramu 410 hadi 450. Ukiwa mkuukuu na umenyonya maji, unauhisi hadi gotini. Wakaujua mpira wa masika. Kisha mvua zikakatika, Juni ikaingia, udongo ukakauka, vumbi likapanda, na mpira ule ule ukaanza kudunda kama umerushwa juu ya sakafu. Waliojifunza kuulaki mpira mzito uliolowa wakajikuta wanaanza upya. Mguu uliopaswa kutoka mbele sasa ulipaswa kusubiri, na kupokea kwa ndani ya mguu kukatoa nafasi kwa paja na kifua, kwa maana mpira hauji tena chini. Kwa paja unaliacha lishuke. Kwa kifua ni kazi ya pumzi: unaivuta mpira ukiwa hewani, unaitoa unapoguswa, kifua kinabonyea, mpira unateremka miguuni pako kama mtu anayeshuka ngazi.

Mpira mmoja ulipasuka mshono mwezi wa Julai. Mpira wa kawaida wa kushonwa una vipande 32, vyenye pembe tano 12 na vyenye pembe sita 20, na mshono mmoja ukiachia mingine hufuata. Wanafunzi wa ushonaji waliukalisha kwenye kanga chini ya mwembe, wakapaka uzi nta, wakaurudishia mshono kwa mkono, kila kichomo kikivutwa kwa nguvu ile ile. Nilisogea kuangalia. Fundi cherehani mzuri haivuti nguo. Akiivuta uzi unakatika, akiiachia sana inajikunja. Mkono wake unakwenda na kitambaa. Mmoja wao aliniambia hivyo bila mimi kuuliza, uzi ukiwa bado mdomoni, halafu akacheka kwa kuwa alikuwa ameshajua ninachofikiria. Katika darasa lao asubuhi wanapiga pasi; uwanjani jioni wanapiga pasi. Kiswahili kiliwaunganishia kazi hizo mbili zamani.

Nitoke Bigwa kidogo, nirudi. Marekani, neno “chuo” na neno “mpira” yakikaa pamoja humaanisha jambo kubwa kupita kipimo chetu. Futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu ina msimu wa kawaida wa mechi 12, kuanzia mwishoni mwa Agosti, na uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan hukusanya watu zaidi ya 100,000. Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, na kila jaribio huisha ndani ya sekunde chache. Damu ya Afrika Mashariki imewahi kung’ara humo. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu aliyeuawa mwaka 1972 chini ya Idi Amin, alikuwa tishio la warusha mipira akiichezea Boston College, na mwaka 2006 New York Giants ikamchagua katika duru ya kwanza. Kazi ya nafasi yake inategemea hatua ya kwanza, ile inayopigwa mara mpira unapotikisika. Waliokaa na mchezo huo kwa muda mrefu huitazama hatua hiyo kama mimi ninavyotazama mguso wa kwanza.

Ila kinachonigusa zaidi katika hadithi ya Marekani ni sheria. Mwaka ule ule wa 1972 ilipitishwa sheria ijulikanayo kama Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Timu moja ya futiboli ya chuo hubeba vijana wengi sana, mara nyingine zaidi ya mia, na vyuo vilipotakiwa kuwapa wanawake nafasi zinazolingana, soka la wanawake likawa moja ya majibu. Kutokana na viwanja hivyo vya vyuo Marekani ikapata wanawake waliotwaa Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1991 nchini China, na mengine matatu baadaye. Chuo kilichompa msichana uwanja, muda na mwalimu kilivuna. Sisi tumechelewa, lakini hatujalala. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na bingwa wa kwanza akawa Mlandizi Queens kutoka Pwani. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu za ujauzito wanaweza kurudi shuleni. Oktoba 2022 Serengeti Girls, wasichana wa chini ya miaka 17, walicheza Kombe la Dunia huko India, wakaifunga Ufaransa mabao 2–1, wakatoka sare ya 1–1 na Kanada, wakafika robo fainali. Niliutazama ushindi dhidi ya Ufaransa kwenye kibanda umiza, na nilichokiona ni kwamba watoto wale walikuwa wanaupokea mpira bila hofu.

Bila hofu. Nilirudi na neno hilo uwanjani.

Wanaoishi chini ya Uluguru wanajua kwamba kwa Waluguru ukoo na ardhi hufuata upande wa mama. Msichana wa huku amekulia kwenye mila inayomtambua kama mwenye kitu. Pamoja na hayo, niliwaona wengi wakifika uwanjani wamejikunja, wakiomba radhi kabla ya kukosea. Mpira ukiwapita wanasema “samahani.” Mpira ukiwagonga wanasema “samahani.” Mwalimu hakuikataza. Samahani zilipungua zenyewe, moja moja, kama majani ya mfenesi, na sikumbuki jioni gani nilitambua kwamba zimeisha. Mahali pake palikuja sauti nyingine, fupi: “Nipo!” Anayeutaka mpira anaita, na anayesema “nipo” ameshageuza shingo, ameshaona, mguu wake umeshaanza kutoka.

Septemba walicheza mechi ya kirafiki na timu ya mjini iliyowazidi umri wa mpira kwa mbali. Walifungwa. Wageni walikuwa na winga wawili wepesi na straika anayejua kukaa kwenye mstari wa kuotea bila kuuvuka, na mabao yalikuwa halali yote. Dakika ya 70 hivi, mlinda mlango wa wageni alipiga mpira mrefu uliopanda juu sana, ukapotea kwenye mwanga wa jua lililokuwa linagusa bega la mlima, ukaanza kurudi chini kuelekea katikati ya uwanja. Yule kiungo mrefu wa Bigwa alikuwa chini yake, mpinzani nyuma yake. Aligeuza shingo kushoto. Akaigeuza kulia. Mpira ukashuka, naye akainua mguu hadi usawa wa goti na kushuka nao, taratibu, hadi ukagusa majani mguu ukiwa bado umeugusa, na katika mwendo huo huo akauvuta upande wa pili wa mpinzani aliyekwishajirusha kule ambako mpira haukwenda. Akainua kichwa. Pasi ikatoka kwenda kwa winga. Haikuzaa bao, krosi ilipaa juu ya lango.

Watu wachache pembezoni walipiga makofi kwa ile krosi, wakihuzunika kwamba imepaa. Mwanamke aliyekaa karibu nami, amempakata mtoto aliyekuwa amelala, hakupiga makofi. Alisema tu, kwa sauti ya chini, “Umeona alivyomtuliza?” Nikasema nimeona, dada. Sikuuliza alimaanisha mpira au nani, maana kwa neno lake mpira ulikuwa mtu.

Novemba mvua za vuli zilikuja na mazoezi yakawa ya kuibia kati ya mvua na mvua. Jioni moja walichelewa kumaliza. Giza liliingia, Lupanga ukamezwa na wingu, taa za malori zikaanza kupita barabarani, na wao walikuwa bado wawili wawili, hatua tano kati yao, kama siku ya kwanza. Sikuweza tena kuiona mipira. Niliwasikiliza. Mwezi wa Aprili ungesikia sauti kama ya mtu anayekung’uta mkeka ukutani, pwaa, na mpira ukibiringika, na miguu ikiukimbilia. Sasa kulikuwa na sauti ya pasi inayotoka, halafu kimya kifupi, halafu pasi inayorudi. Pasi, kimya. Pasi, kimya. Mwalimu alisimama katikati yao mikono nyuma, naye akiwa anasikiliza, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kupuliza filimbi.